Amalfi si ya wenye yoti pekee

Wasee, hizi video za yoti kule Pwani ya Amalfi, Italia, zinatubeba ufala: eti usipokodi yoti hujaona kitu. Zii! Kuna feri ya abiria inatoka Salerno, inapitia Amalfi hadi Positano. Bahari ni ileile, majabali ni yaleyale.

Tena ukiwa majini, inua macho juu ya zile nyumba za rangi. Utaona matuta ya malimau yaliyoshikiliwa na kuta za mawe. Kuna wakulima bado wanayabeba malimau hayo begani. UNESCO ilipoiweka pwani hii kwenye Urithi wa Dunia mwaka wa 1997, ilisifu matuta kama hayo, si yoti. Kwa hivyo msee akipost glasi na miguu yake tu, huyo Amalfi hajatuonyesha.