Kukunja si Kukaanga

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii nimetupiwa mara nyingi mwaka huu, na wanaonitupia ni watu ninaowaheshimu: mume wa shangazi yangu anayeishi Winnipeg, Kanada, na rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja hapa Bujumbura. Wote wawili wanaitumia kutetea jambo moja, kwamba kijana wa miaka 18 mwenye kipaji cha hoki ya barafu apelekwe moja kwa moja kwenye ligi kuu ya Amerika Kaskazini, ile NHL, akajifunzie huko huko kati ya wanaume. Mimi nasema methali ni nzuri ila wameitumia vibaya. Kumkunja samaki si kumkaanga.

Najua baadhi ya walimu wetu watauliza: mwanafunzi Mrundi na barafu wapi na wapi? Wana haki. Barafu niliyoigusa mimi ni ya kwenye friji tu. Lakini shangazi alihamia kule na watoto wake, na kitindamimba wake alivalishwa viatu vya kuteleza kabla hajajua kusoma. Tangu hapo ukoo mzima umetekwa na mchezo huo. Winnipeg Jets wakianza mechi saa moja jioni kwao, kwetu ni saa tisa usiku, nami huwa macho mbele ya simu, nimejifunika blanketi ili mwanga usimwamshe mwenzangu. Kwa hiyo siandiki kama mtaalamu. Naandika kama mtu aliyepoteza usingizi mwingi na ambaye ana binamu yake ndani ya jambo hili.

Kwa wasioujua mchezo, nieleze kitu kimoja tu, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Katika hoki mchezaji hakai uwanjani muda wote kama katika kandanda. Huingia, hukimbiza kile kisahani cheusi kwa sekunde arobaini na kitu hivi, hutoka akihema, safu nyingine ikaingia. Kocha ndiye anayegawa zamu hizo. Nyota wa timu hupata dakika 20 au zaidi kwa mechi. Wa safu ya mwisho hupata 8, pengine 6. Basi kijana anaweza kuwa "yuko NHL", jezi yake ikauzwa madukani, picha yake ikabandikwa ukutani, na bado akawa anakaa benchi kuliko anavyocheza. Watu wanaponiambia kijana fulani "yuko tayari", mimi huuliza: tayari kucheza, au tayari kukaa?

Sheria ya NHL inasema kijana anaweza kuchaguliwa na klabu katika uteuzi wa kila mwaka ikiwa ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba. Sasa angalieni kioja cha kalenda. Alexander Ovechkin alizaliwa tarehe 17 Septemba 1985. Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997. Kila mmoja alikosa uteuzi wa wenzake kwa siku mbili. Kwa Ovechkin, klabu ya Florida ilijaribu hata kudai kwamba siku za miaka mirefu zikihesabiwa, kijana alikuwa ametimiza umri, haikusikilizwa. Akabaki Moscow. Mwaka uliofuata, 2004, Washington Capitals wakamchagua wa kwanza, lakini msimu huo ukafutwa wote kwa sababu ya mgogoro wa mikataba, akabaki tena Urusi akicheza na wanaume kwa dakika za kutosha. Alipovuka bahari mwaka 2005 alikuwa na miaka 20, akafunga mabao 52 katika msimu wake wa kwanza. Tarehe 6 Aprili 2025 alifunga bao la 895, akaivunja rekodi ya Wayne Gretzky.

Na Matthews? Mwaka wake wa kusubiri aliupeleka Zurich, Uswisi, akacheza ligi ya watu wazima. Akachaguliwa wa kwanza 2016, na katika mechi yake ya kwanza kabisa ya NHL, dhidi ya Ottawa, akafunga mabao manne. Msimu ule alifikisha 40.

Sisemi kusubiri kuliwafanya hawa wawili kuwa magwiji. Vipaji walikuwa navyo. Nasema tu kwamba watetezi wa haraka hutuambia kila siku kuwa mwaka mmoja nje ya NHL ni mwaka uliopotea. Basi watuonyeshe Ovechkin na Matthews walipoteza nini.

Hapo ndipo mume wa shangazi hunitolea jina la Sidney Crosby. Ni kweli, msimu ule ule wa Ovechkin, Crosby aliingia na miaka 18 akapata pointi 102. Naye Steve Yzerman mwaka 1983 aliingia Detroit na miaka 18, akapata pointi 87. Sibishani na hao. Ila Yzerman huyo huyo, alipokuwa meneja mkuu wa Detroit, alifanya nini? Mwaka 2019 alimchagua wa sita beki Mjerumani, Moritz Seider, na hakumpandisha. Alimpeleka Grand Rapids, timu ya daraja la pili, msimu mzima. Kisha kijana akacheza Uswidi msimu mwingine. Kisha, Oktoba 2021, akamfungulia mlango. Seider akapata pointi 50 na tuzo ya Calder, ile ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza. Katika uteuzi ule ule Kaapo Kakko wa Ufini alichaguliwa wa pili na New York Rangers, akaingizwa ligi kuu msimu huo huo akiwa na miaka 18. Pointi 23 katika mechi 66. Kakko hakuwa mtoto mchanga. Alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa dunia na timu ya wakubwa ya nchi yake. Lakini Rangers hawakumpa nafasi ya nyota, walimpa nafasi ya mgeni, na miaka ikapita akisubiri nafasi nyingine, hadi Desemba 2024 walipomuuza Seattle.

Mtu mmoja hawezi kuwa ushahidi wa kila kitu, najua. Cale Makar naye alikwenda chuo kikuu huko Massachusetts miaka miwili baada ya kuchaguliwa 2017. Mwaka 2022 alitwaa Kombe la Stanley na tuzo ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Na pale pale Winnipeg golini kuna Connor Hellebuyck, aliyechaguliwa wa 130 mwaka 2012. Hakuna aliyemharakisha kwa sababu hakuna aliyemtarajia. Alisoma, akacheza daraja la pili, akaingia na miaka 22, na mwaka 2025 akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mume wa shangazi ana jezi yake. Huivaa huku akinielezea umuhimu wa kuwapandisha watoto mapema.

Sasa nije kwenye hoja yao iliyo na nguvu, maana ningekuwa mwoga kuikwepa. Wanasema: hata wale walioaibika wakiwa na miaka 18, mbona walikuja kung'ara? Joe Thornton alichaguliwa wa kwanza 1997, na msimu wake wa kwanza Boston alipata pointi saba katika mechi 55. Saba! Lakini alistaafu akiwa na pointi 1,539. Jack Hughes alianza na 21, na miaka mitatu baadaye akapata 99. Juraj Slafkovský alianza na 10, akaumia goti, msimu uliofuata akafunga mabao 20. Kwa hiyo, wanasema, moto haukumwunguza mtu.

Nami nawajibu: angalieni hao ni akina nani. Wote watatu walichaguliwa wa kwanza. Klabu iliyomchagua kijana wa kwanza haiwezi kumtupa; ikimtupa imejitukana yenyewe mbele ya mashabiki. Atasubiriwa miaka mitatu, minne, mitano. Aliyechaguliwa wa 20, akaingizwa na miaka 18 kwa sababu mabeki wawili wameumia, akapoteza kisahani mara mbili katika wiki moja, huyo nani atamsubiri? Huyo hana nafasi katika hadithi zenu, kwa sababu jina lake hamlikumbuki. Kuhesabu walionusurika peke yao ni sawa na kwenda ufukweni kuwauliza waliofika kama ziwa lina kina.

Mfumo wenyewe unachangia, na hapa lawama zangu haziendi kwa makocha. Kwa makubaliano ya NHL na ligi za vijana za Kanada, mchezaji aliyetoka katika ligi hizo na hajafika miaka 20 hana ruhusa ya kucheza msimu katika daraja la pili. Ama NHL, ama arudi kwa vijana wenzake. Hakuna ngazi ya katikati. Fikirieni shule inayomwambia mwanafunzi: ama ukae darasa la saba, ama uende chuo kikuu. Matokeo yake tuliyaona kwa Shane Wright. Seattle walimchagua wa nne 2022. Ndani ya msimu mmoja alivaa jezi ya Seattle kwa mechi nane, akakalishwa nyingi, akapelekwa daraja la pili kwa mechi chache za kurudisha makali kwa kutumia upenyo wa sheria, akaenda kuwa nahodha wa vijana wa Kanada wakatwaa ubingwa wa dunia, kisha akarudishwa ligi ya vijana, na huko nako akahamishwa timu. Makocha wangapi? Vitanda vingapi? Ni msimu wa 2024–25, akitimiza miaka 21, ndipo alipopata msimu kamili wa kutulia Seattle, akafunga mabao 19. Mkataba mpya wa ligi na wachezaji, ulioafikiwa 2025, unalenga kuruhusu kila klabu kijana mmoja wa miaka 19 katika daraja la pili. Mmoja. Wakati huo huo vyuo vikuu vya Marekani vimewafungulia mlango vijana wa ligi za Kanada, na Gavin McKenna ameshapita hapo kwenda Penn State. Vijana wenyewe wanaitafuta hiyo ngazi ya katikati. Wakubwa ndio wagumu.

Na kwa nini wagumu? Rafiki yangu wa chumbani, anayesoma uchumi, hunijibu kwa neno moja: fedha. Nami nilikubali hadi nilipokaa kupiga hesabu. Mchezaji wa NHL huwa huru kuondoka aendako akitimiza miaka 27 au akimaliza misimu saba. Ukimwanzisha na miaka 18, saba yake inaisha akiwa na 25, nguvu ndiyo kwanza zimekomaa, naye anaaga. Ukimwanzisha na 20, unakaa naye hadi 27. Kwa maneno mengine klabu yenye pupa hununua miaka mibovu ya kijana na kuwaachia wengine miaka mizuri. Huo ni uchumi gani? Hata ligi inajua, ndiyo maana sheria inairuhusu klabu kumjaribu kijana wa miaka 18 au 19 kwa mechi tisa bila mwaka wa mkataba wake kuhesabiwa. Mechi tisa ni za kuonja. Bahati mbaya kuna wanaoonja, wakaona chumvi haitoshi, na bado wakapakua.

Kijana naye ana haraka yake, simlaumu. Mkataba wa kwanza una kikomo cha mshahara. Ukianza mapema unaisha mapema, na wa pili ndio wenye fedha. Wakala wake anamwambia hivyo. Baba yake pia. Lakini kijana wa miaka 18 kutaka kitu si sababu ya watu wazima kumpa.

Mimi ningependa umri wa uteuzi upandishwe hadi 19. Kabla ya 1979 ulikuwa 20, na hoki haikufa. Na kila kijana aliyekwisha kuchaguliwa aruhusiwe daraja la pili bila kuhesabiwa mmoja mmoja. Wale akina Crosby watapita tu, hawana haja ya kutetewa nami.

Nimesema binamu yangu yumo katika jambo hili. Ana miaka 12. Msimu uliopita kocha mmoja alimwona ana kasi, akampandisha acheze na wa miaka 13 na 14. Kule Kanada, tangu 2013, kugongana kwa mwili kunaanza rasmi katika rika hilo. Kwa wa miaka 12 ni marufuku. Baba mtu alifurahi, samaki mkunje angali mbichi. Mwezi wa pili mtoto alibamizwa ukutani na mvulana aliyekwisha kuota ndevu, akavunjika mtulinga. Shangazi alinipigia akiwa hospitali. Kilichomwuma mtoto, aliniambia, si bega. Ni kwamba kabla ya kuumia alikuwa amecheza zamu nne tu mechi nzima.

Amepona. Amerudi kwa rika lake, na kisahani hakimtoki mguuni. Juzi kocha wa wakubwa amepiga simu tena. Baba yake anataka, mama hataki, na mtoto mwenyewe akanitumia ujumbe: kaka, unasemaje? Nikamwambia amwulize kocha swali moja, atamchezesha dakika ngapi. Ameuliza. Kocha amesema atampigia.

Hii ni wiki ya pili.