Tusiwahukumu Waliofiwa

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Asubuhi hiyo tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vikafunika nyumba za watu Katesh na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Wataalamu walieleza kwamba sehemu ya mlima ilinyonya maji ya mvua mpaka ikameguka.

Lakini kila yanapotokea maafa ya namna hii, hawakosekani wahubiri wenye maelezo mengine: Mungu amekasirika, watu wa pale wametenda dhambi. Mahubiri hayo nayapinga, tena kwa Biblia. Katika Luka 13 Bwana Yesu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Toba aliidai kwa wale waliokuwa hai wakimsikiliza. Hukumu aliyoikataa Bwana sisi tumeitoa wapi?

Mama aliyemzika mtoto wake akiambiwa kwamba hiyo ni adhabu, tumemwongezea msiba: tumemnyang'anya hata Mungu wa kumlilia. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Waliharibu walipoanza kufafanua.

Mtasema, je, dhambi isihubiriwe? Ihubiriwe, ila tuanze na yetu sisi viongozi: kupigwa picha tukikabidhi magunia ya unga, kisha tusionekane tena matanga yakiisha.

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, chuo kikuu kilihamia Jena. Luther alibaki na wagonjwa, akaandika kwamba wachungaji hawana ruhusa ya kuwakimbia watu wao penye hatari ya kifo. Kubaki ndiyo kazi yetu. Ni kumtembelea mjane hata mwezi wa sita, kumsindikiza yatima ofisi ya kijiji kufuatilia kiwanja cha baba yake, kumpeleka asiyepata usingizi kwa mtaalamu wa ushauri nasaha, kuwataja marehemu kwa majina mwaka unapotimia. Ni kukaa meza moja na shehe na padri pia, maana tope halikuuliza mtu dini yake.

Washarika wapendwa, mkimsikia mchungaji akiwahukumu waliofiwa, msiitikie amina. Mwendeeni baada ya ibada, kwa heshima, mkamfungulie Luka 13.