Kabla hujabonyeza, kumbuka Rusumo

Wiki hii kijana mmoja wa kwaya, hapa Biharamulo, alinitumia kwenye simu mada iliyorekodiwa kuhusu mitandao ya kijamii na namna ya kuzungumza mbele ya watu. Nimeisikiliza mara mbili. Mtoa mada anafundisha vizuri: jiandae, wajue wasikilizaji wako, usiseme kwa muda mrefu. Seminarini nasi tulifundishwa hayo katika somo la mahubiri, ingawa waumini wangu watasema hilo la tatu sikulielewa.

Lipo jambo aliloligusa kwa haraka na kuliacha. Anayezungumza mtandaoni hawaoni wasikilizaji wake. Nikiwa mimbarini naona nyuso, na nikikosea mzee wa kigango hunifuata sakristia baada ya Misa. Kwenye simu hakuna wa kukukunjia uso.

Nakiri kosa langu. Mwaka jana nilipokea sauti iliyodai kwamba mama mmoja mwenye duka anauza vyakula vilivyooza. Bila kuuliza, nikaituma kwenye kundi la jumuiya nikiandika, "Tuwe makini." Kumbe ni uongo. Nilifuta, nikaenda kumwomba msamaha. Akanisamehe, kisha akaniuliza: "Baba Padre, hao waliokwisha kuwatumia wengine, nani atawaambia?" Dominika iliyofuata, kwa ruhusa yake, nilisema mimbarini kwamba nilikosa. Hata hivyo najua sikuwafikia wote.

Ndugu msomaji, sisi wa Ngara na Biharamulo hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza nguvu ya neno. Mwaka 1993 redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo nchini Rwanda. Ilikuwa na muziki, utani na watangazaji waliojua kuzungumza. Kwa ufundi wa sauti wangefaulu mtihani wowote. Lakini waliwaita majirani zao mende, na mwaka 1994 mauaji yalipoanza wakaendelea kuchochea. Mto Kagera ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja tu. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo na mhariri mmoja wa gazeti.

Lakini ni Ngara hiyo hiyo ambako mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, jina lenye maana ya tumaini. Chombo kilikuwa kile kile, redio ndogo ya betri mkononi mwa mkimbizi, ila sasa kilileta habari za kweli na maneno ya amani.

Mtume Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, anaufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu. Sisi tunaoona nyika zikiungua kila kiangazi tunamwelewa. Aliyewasha kiberiti mara nyingi hakukusudia kuchoma shamba la jirani.

Nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kusambaza habari za uongo. Lakini sheria huja baada ya moto. Amri ya nane huja kabla, na Kanisa linafundisha kwamba aliyeharibu jina la mwenzake ana wajibu wa kulirudisha, kama vile mwizi anavyopaswa kurudisha mali. Mbuzi hurudishwa kwa kamba. Jina je?

Basi leo, kabla ya kusambaza ujumbe, mwite akilini yule anayetajwa, aketi mbele yako kwenye benchi. Kama huwezi kuusoma kwa sauti huku akikutazama, usiutume. Na kama ulikwisha kuutuma, nenda ukabishe hodi kwake.

Nawatakia Dominika njema.