Changarawe ya Alps Isitiwe Lami

Wengi wetu tumelelewa katika imani kwamba barabara isiyo na lami ni barabara ambayo haijaisha kujengwa. Mwanasiasa anapotaka kura, aghalabu lami ndiyo ahadi yake ya kwanza. Kwa hivyo mtu akiambiwa kwamba katika milima ya Alps, baina ya Ufaransa na Italia, zimo barabara ndefu za changarawe zilizoachwa hivyo zilivyo, na kwamba kila majira ya joto waendesha baiskeli hufunga safari kutoka mbali ili kwenda kula vumbi lake, yeye hucheka. Mimi sicheki. Maoni yangu ni kwamba barabara hizo zina haki ya kubakia zilivyo. Kwamba adui wake mkubwa si mvua wala theluji bali ni injini. Na kwamba anayezitetea hana budi kutumia hoja nzito kuliko ile ya uzuri wa mandhari.

Kwanza tuafikiane kuhusu istilahi. Pale safu ya milima inapoinama kidogo baina ya vilele viwili, ikamruhusu binadamu kuvuka kutoka bonde moja hadi jingine, Wafaransa huita col, neno lenye asili ya Kilatini lenye maana ya shingo. Waitaliano wana passo, na wana forcella, yaani uma mdogo. Wasemao Kijerumani huko Tirol husema Joch, nao ni nira ile ya ng'ombe. Shingo, uma, nira: kila jamii imeutazama mlima ule ule ikauona umbo tofauti. Sisi tuna neno pito, nalo linatosha. Sioni sababu ya kukopa. Pito mashuhuri kuliko yote nitakayoyataja hapa ni Colle delle Finestre, ambalo tukilifasiri neno kwa neno ni Pito la Madirisha.

Ikumbukwe kwamba changarawe haikuja Alps juzi pamoja na baiskeli za magurudumu mapana. Lami ndiyo mgeni. Mashindano ya Tour de France yalipolipanda pito la Galibier kwa mara ya kwanza mwaka 1911, hapakuwa na lami hata kidogo. Palikuwa na mawe, tope na maji ya theluji iliyoyeyuka. Émile Georget ndiye aliyefika juu mbele ya wenzake, kwa baiskeli nzito ambayo leo hata mchuuzi wa maziwa angeikataa. Hata katika zama za televisheni hali haikuwa imebadilika kila mahali. Pito la Gavia huko Italia, lenye kimo cha mita 2,621, lilikuwa bado na sehemu za udongo mnamo Juni 1988, siku ambayo mashindano ya Giro d'Italia yalilivuka katika dhoruba ya theluji na Mmarekani Andy Hampsten akavaa jezi ya waridi ambayo hakuivua tena hadi mwisho. Leo Galibier lina lami, Gavia lina lami. Hata hivyo, wapenzi wa mchezo huu wanapoyasimulia mapito hayo husimulia tope la wakati ule. Hakuna anayesimulia lami.

Zilizobakia bila lami ni zile ambazo hazikukusudiwa raia tangu mwanzo. Barabara ya Assietta, katika jimbo la Piemonte, hufuata mgongo wa mlima kwa zaidi ya kilomita 30, na sehemu kubwa ya safari iko juu ya mita 2,000. Ilichongwa na wanajeshi kwa ajili ya mizinga na nyumbu. Mahali penyewe palikwisha kumwaga damu zamani: tarehe 19 Julai 1747 jeshi la Ufaransa lilijaribu kuwang'oa Wapiemonte kwenye mgongo huo, likashindwa vibaya na kamanda wake akauawa. Upande wa Ufaransa kuna pito la Parpaillon, ambako wanajeshi walitoboa mlima kwa njia ya chini kwa chini yenye urefu wa karibu nusu kilomita, juu ya mita 2,600. Ndani yake ni giza totoro, na hata katikati ya kiangazi mpita njia huweza kukuta dimbwi au barafu. Colle delle Finestre nalo ni kazi ya jeshi, likihudumia ngome za bonde la Chisone. Barabara iendayo Colle del Sommeiller, inayokaribia mita 3,000, ndiyo pekee yenye asili tofauti: ilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya watelezaji wa theluji ya kiangazi. Barafu ya kudumu waliyoitegemea iliyeyuka, kituo kikafungwa, barabara ikabaki haina pa kwenda.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Vita vilikwisha, theluji ikakimbia, na mali iliyogharimiwa kwa jasho la askari wasiojulikana majina ikabaki juu ya milima bila mwenyewe. Ilikuwa iozee huko. Mwendesha baiskeli ndiye aliyeirithi, na ni mrithi mwema kwa sababu hadai mengi: hahitaji kituo cha mafuta wala maegesho, na uzito wake pamoja na chombo chake haufikii kilo 100.

Wapo watakaosema kwamba huo ni mchezo wa starehe usiomhusu mtu wa huku. Nawakumbusha tarehe 25 Mei 2018. Siku hiyo Giro d'Italia ililipanda Colle delle Finestre, kilomita 18 na ushei zenye mwinuko wa wastani wa zaidi ya asilimia 9, huku kilomita takriban 8 za mwisho zikiwa changarawe tupu. Katika changarawe hiyo, zikiwa zimesalia kilomita zipatazo 80 hadi mwisho wa safari ya siku, mtu mmoja aliwatoka wenzake akaenda peke yake hadi Bardonecchia, akafika dakika tatu kabla ya aliyemfuata na kuitwaa jezi ya waridi. Mtu huyo, Chris Froome, alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alijifunza kazi hiyo kwa David Kinjah kule Kikuyu, na aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006, kabla ya kuchukua leseni ya Uingereza mwaka 2008. Sidai kwamba vumbi la Kikuyu ndilo lililoshinda Giro. Kikosi chake kilikuwa tajiri, tena wakati ule alikuwa bado anachunguzwa kuhusu dawa ya pumu, uchunguzi uliofungwa mwezi Julai mwaka huo bila adhabu. Ninachodai ni kidogo zaidi: changarawe ilikuwa mahali pa kuamulia shindano, si kasoro ya kusamehewa. Simon Yates, aliyeivua jezi siku hiyo baada ya kuachwa kwa zaidi ya nusu saa, alirudi kwenye pito lile lile tarehe 31 Mei 2025, na katika kulipanda akawatoka wapinzani wake, akamvua jezi Isaac del Toro na kuishinda Giro. Lami ingeweza kutupa kisa hicho? Nina shaka.

Asiyewahi kuipanda changarawe kwa baiskeli huenda akadhani tofauti ni vumbi tu. La hasha. Kwenye lami mwendeshaji huweza kusimama juu ya pedali na kuurusha mwili mbele. Kwenye changarawe akifanya hivyo gurudumu la nyuma huteleza na nguvu yote ikapotea. Hulazimika kukaa, kuchagua gia nyepesi, na kuzungusha miguu kwa utaratibu kama mtu anayesaga. Matairi huwa mapana, milimita 40 au zaidi, na hewa hupunguzwa ili yaukumbatie mchanga badala ya kurukaruka juu yake. Wakati wa kuteremka, breki hukamatwa kabla ya kona, si ndani yake. Juu ya haya yote kuna hewa: kwenye mita 2,500 kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Wazungu huliogopa jambo hilo kwa haki. Inapendeza kukumbuka kwamba Iten, wanakoishi na kufanya mazoezi wakimbiaji wetu, uko kwenye mita zipatazo 2,400, kimo kinachokaribia sana kile cha pito la Assietta lenyewe.

Sasa nije kwenye injini. Barabara hizi zinapendwa pia na wenye pikipiki na magari ya magurudumu manne yenye nguvu, nao wana hoja yao: walizipenda kabla ya baiskeli za changarawe kuwa mtindo, na pesa zao huingia katika hoteli za mabondeni. Siipuuzi hoja hiyo. Lakini gurudumu linalosukumwa na injini huchimba. Hutawanya kokoto kwenye kona na kuacha mitaro ambayo mvua ya kwanza huigeuza kuwa mito. Gharama ya kurekebisha huziangukia halmashauri ndogo za milimani, na pindi zinapochoka, suluhisho huwa moja kati ya mawili: kufunga barabara, au kuitia lami na kuisahau. Baadhi zimetafuta njia ya tatu. Assietta imekuwa ikifungiwa magari na pikipiki siku za Jumatano na Jumamosi katika miezi ya Julai na Agosti. Barabara ya chumvi baina ya Limone na Monesi imewekewa malipo na kikomo cha idadi ya magari. Hizi ni hatua njema, ila ni za woga.

Nisieleweke vibaya. Sitaki mtu ainukuu makala hii ili kumnyima mwanakijiji wa Kenya barabara nzuri. Mama mjamzito anayekwamishwa na tope la masika hana haja na falsafa ya changarawe. Anahitaji lami, na anaihitaji jana. Tofauti ni hii: barabara yake ndiyo njia pekee ya kufikia hospitali, ilhali Bardonecchia na Susa zimeunganishwa kwa lami na reli huko chini mabondeni. Barabara ya Assietta ikifungwa mwaka mzima hakuna atakayekosa daktari. Changarawe ni fahari kwa mwenye njia nyingine tu, na wale waandishi wa Ulaya wanaokuja huku na kuyasifu mavumbi yetu kana kwamba tuliyachagua wangefanya vyema kulikumbuka hilo.

Wala mwendesha baiskeli mwenyewe si malaika. Mchezo huu umekwisha kuwa biashara. Tangu mwaka 2022 una ubingwa wake wa dunia, na baiskeli moja huweza kuuzwa kwa bei ya gari kuukuu. Una pia misiba. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa Wakenya waliokuwa wakitufungulia njia, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika shindano la changarawe kule Vermont, Marekani. Anayeutetea mchezo huu bila kulitaja jina lake anatetea picha za matangazo tu.

Kwa hivyo ombi langu kwa wenye mamlaka kule Piemonte na kwingineko si la kishairi. Siku mbili kwa juma ni chache. Juma zima lifungiwe injini, isipokuwa za wachungaji wanaopandisha ng'ombe malishoni, wahudumu wa vibanda vya milimani na waokoaji. Fedha zinazotengwa kulainisha Finestre kila Giro inapopita zigawanywe, kiasi kitumike kuzibua mitaro ya maji katika miaka ambayo hakuna kamera. Theluji huondoka kule juu yapata mwezi Juni, na ifikapo Oktoba huwa imeanza kurudi. Ni miezi minne tu ya kujadiliana kuhusu nani apite. Iliyosalia mlima wenyewe hufunga mlango.