UCHAMBUZI: Kamba ya fundi wa Diani imefungwa wapi?

Msimu wa masika unapoingia Pwani ya Kusini, wageni hupungua katika hoteli za Diani na Galu, nao mafundi huongezeka. Kati ya Aprili na Juni ndipo wenye hoteli hufunga baadhi ya vyumba, huangusha makuti yaliyooza, hupaka kuta rangi upya na kuongeza orofa. Ndiyo kusema kwamba sehemu kubwa ya kazi za juu hufanywa wakati ule ule ambapo mvua ni nyingi, kusi imeanza kuvuma na boriti zinateleza.

Mbali na hoteli, kuna majumba ya kibinafsi. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024 na kuunganisha Miritini na Kibundani bila kupitia kivuko cha Likoni, imezidisha hamu ya viwanja kuanzia Ng'ombeni na Tiwi hadi Msambweni. Nyumba za orofa mbili, tatu na hata zaidi zinachipuka mahali palipokuwa na minazi na mikorosho.

Vijana wa Kwale wanaipokea kazi hii kwa mikono miwili, na wana sababu. Mgodi wa titani wa Base Titanium, uliokuwa mwajiri mkubwa katika kaunti, ulikomesha uchimbaji Desemba 2024 baada ya madini kwisha. Kazi ya mjengo, kama wenyewe wanavyoiita, imebaki mojawapo ya chache zinazolipa siku hiyo hiyo jua likizama.

Hata hivyo, swali ambalo haliulizwi sana ni hili: kijana huyo akiteleza akiwa kwenye ukingo wa slabu ya orofa ya tatu, ni kitu gani kitakachomzuia asifike chini?

Katika mijengo mingi midogo jibu ni kwamba hakuna kitu. Katika michache inayojaribu, jibu ni kamba. Na hapo ndipo penye tatizo ambalo uchambuzi huu unakusudia kulieleza, kwa sababu kamba iliyofungwa vibaya ni hatari kuliko kukosa kamba. Asiyefungwa hujihadhari. Aliyefungwa huamini.

Kamba inayozungumziwa hapa ni ile ya mlalo, inayotandazwa kwa muda kati ya nguzo mbili kando ya ukingo wa jengo. Fundi huvaa mkanda unaomshika mapajani, kiunoni na mabegani, kisha kwa kamba fupi yenye ndoana hujiunga na ile ndefu, akawa anatembea nayo huku na huku akifanya kazi. Kazi ikiisha orofa hiyo, kamba huondolewa na kuhamishiwa nyingine. Ni njia nzuri pale ambapo ukuta haujajengwa na hakuna paa juu la kufungia chochote.

Mtu akiitazama anaona ni jambo jepesi. Ni kamba tu, nani asiyejua kufunga kamba? Watu wa Pwani wamefunga majahazi, mitumbwi na makombamoyo ya nyumba tangu enzi za mababu. Lakini kamba ya mlalo ina tabia moja inayowahadaa hata wajuzi, nayo inaonekana katika kila ua ambako nguo huanikwa.

Kaza kamba ya kuanikia mpaka inyooke kama uta, kisha tundika katikati yake blanketi lililolowa. Vijiti viwili vya pembeni vitainama ndani, na pengine kimoja kitang'oka. Ilegeze kamba ile ile ibonyee kidogo, utaona blanketi linashikwa bila vijiti kusumbuka. Uzito haukubadilika. Kilichobadilika ni mbonyeo wa kamba. Kadiri kamba inavyonyooka ndivyo inavyozivuta ncha zake kwa nguvu kupita uzito wenyewe.

Tuiweke kwa hesabu. Vifaa vya kisasa vya kumnasa mtu anayeanguka huwa na kipande cha kupunguza mshtuko, mfano wa shokomzoba ya gari, na viwango vya Ulaya vinataka nguvu inayomfikia mwanguko isizidi takriban ile ya uzito wa kilo 600. Chukua kamba ya mlalo ya urefu wa mita 10, na mtu aangukie katikati. Ikiwa kamba itabonyea nusu mita, kila ncha itavutwa kwa nguvu ya karibu tani 3. Ikibonyea robo mita tu, kila ncha itabeba karibu tani 6.

Sasa msomaji ajiulize ni kitu gani katika mjengo wa Ukunda kinachoweza kuvutwa tani 3 kwa ubavu kisitikisike. Si mti wa mvinje ulioegemezwa kushikilia mbao za slabu. Si fremu ya dirisha. Si ukuta wa matofali ya matumbawe uliojengwa jana ambao saruji yake haijakauka. Si nondo moja iliyochomoza kwenye zege. Nguzo ya zege iliyokomaa inaweza, ikiwa mhandisi ameikagua na ikiwa kamba imezungushwa chini karibu na sakafu wala si kileleni. Hizo ndizo hesabu ambazo msimamizi wa mjengo hana budi kuzifanyiwa na mtu aliyesomea, na ambazo kwa kawaida hazifanywi na yeyote.

Ndiyo maana kamba za kiwandani za kazi hii huuzwa zikiwa seti kamili: kamba, kikazio, kipunguza mshtuko na maelezo ya idadi ya watu wanaoruhusiwa. Idadi hiyo si ya mapambo. Mmoja akianguka, kamba hurushwa ghafla na inaweza kuwang'oa wenzake waliokuwa wamesimama salama.

Pana jambo la pili, na hili linahusu Diani hasa, kwa kuwa majengo mengi ya huku si marefu. Kamba fupi ya fundi huwa na urefu wa hadi mita 2. Kipunguza mshtuko kikifunguka kinaweza kuongeza mita 1.75. Kutoka mgongoni ambako mkanda umeshikizwa hadi nyayoni ni kama mita 1.5, na busara inadai mita 1 ya akiba. Jumla ni zaidi ya mita 6 chini ya usawa wa kamba, kabla hatujahesabu mbonyeo wa kamba yenyewe.

Orofa moja ina urefu wa kama mita 3. Kwa hivyo fundi aliyefungwa usawa wa miguu kwenye slabu ya orofa ya kwanza, au juu ya paa la nyumba ya kawaida, atakuwa amefika chini kabla kamba haijamkaza. Amevaa mkanda, amefuata amri, na ameumia vile vile kama ambaye hakuvaa.

Dawa yake si kumnyima kamba bali kuifupisha. Kamba ikiwa fupi kiasi kwamba fundi hawezi kabisa kuufikia ukingo, hakuna kuanguka, na hesabu zote za mita na tani hupungua. Na bora kuliko kamba ya aina yoyote ni kizuizi imara cha vyuma au mbao kando ya slabu, kwa kuwa hicho humlinda kila mtu, hata kibarua aliyeingia asubuhi hiyo na hajui mkanda unavaliwaje. Wataalamu kote duniani hupanga hivyo: kwanza kuepuka kazi ya juu ikiwezekana, kisha kizuizi, na kamba ije mwisho. Kanuni za Uingereza za kazi za juu za mwaka 2005 zimejengwa juu ya mpango huo huo.

Paa la makuti lina taabu zake. Fito na makombamoyo yaliyofungwa kwa kamba hayawezi kubeba mshtuko wa mtu anayeanguka, na mwezekaji hutembea juu yake kwa mazoea tu. Wapo waliojifunza kuipitisha kamba juu ya mgongo wa paa na kuifunga upande wa pili chini, kwenye shina la mti mkubwa. Ni wazo lenye akili, ilmradi mti wenyewe ni imara na kamba haisagwi pale inapopinda.

Tena isisahauliwe bahari. Hewa ya chumvi hula waya na ndoana, na jua hudhoofisha kamba ya plastiki na nailoni hata kama kwa macho yaonekana nzima. Kamba iliyokaa miaka kadhaa katika stoo ya mabati pale Kona ya Musa si kamba ile iliyonunuliwa.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka anayesimamia mahali pa kazi kumlinda, kwa kizuizi au njia nyingine, mfanyakazi anayeweza kuanguka zaidi ya mita 2 mahali pasipo na pa kukanyaga imara. Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri, si mzigo wa mfanyakazi. Kabla ya hapo zilikuwapo kanuni za 1984 kuhusu kazi za ujenzi. Mkandarasi naye lazima asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, chini ya sheria ya 2011.

Upungufu uko katika mnyororo wa ajira. Mwenye nyumba yuko Nairobi au Ulaya. Amempa kazi mkandarasi, ambaye amempa fundi mkuu kazi ya mikono pekee, ambaye naye amewaita vibarua kwa simu. Ajali ikitokea kila mmoja humnyooshea kidole mwenzake, na aliye chini kabisa ndiye asiye na wa kumnyooshea.

Kibarua mwenyewe mara nyingi huamini hana haki kwa sababu hakutia sahihi popote. Hilo si kweli. Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua mkataba wa mdomo, na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hachukuliwi tena kuwa wa kutwa.

Kuhusu fidia, sheria inayohusika ni ile ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ijulikanayo kama WIBA, iliyopitishwa pia 2007. Baadhi ya vifungu vyake vilizuiwa na Mahakama Kuu mwaka 2009, na mzozo ukaendelea hadi Desemba 2019 ambapo Mahakama ya Juu iliidhinisha sheria hiyo. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba dai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Tena dai lina muda: miezi 12 tangu ajali au kifo. Familia nyingi huumaliza muda huo zikisubiri ahadi za mkandarasi.

Anayefariki au kulemaa kabisa hukadiriwa fidia ya mapato ya miezi 96. Kwa mfano, anayelipwa Sh800 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, mapato yake ni Sh20,800. Zidisha kwa 96, unapata Sh1,996,800. Karibu milioni mbili. Seti nzuri ya kamba pamoja na mikanda ya mafundi wachache ni sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, na mwenye mjengo anayedai usalama ni ghali hajawahi kuipiga hesabu hii, au ameipiga akatumaini kwamba familia haitajua.

Kuna wanaosema ajali haina kinga. Methali hiyo ina mahali pake, lakini haifai kwenye ukingo wa slabu. Mkwezi wa Msambweni anayepanda mnazi wa mita 20 hukata vidato shinani, hukagua kila kidato kabla ya kukikanyaga, na hapandi mvua ikinyesha. Hakuna anayemwambia mkwezi kwamba kujihadhari ni kupingana na kudura. Ajabu ni kwamba kijana huyo huyo akiingia mjengoni huamrishwa kuendelea na kazi mvua ikinyesha, kwa sababu mashine ya zege imekodiwa kwa siku.

Akianguka, safari huanza. Hospitali ya Rufaa ya Msambweni iko kusini, upande wa Lunga Lunga, na majeruhi wa kichwa au uti wa mgongo huenda akahitaji kuvushwa hadi Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa. Barabara mpya imewapunguzia wengi adha ya foleni ya feri. Hata hivyo, fundi aliyenaswa na kamba naye hayuko salama bado: akining'inia bila kusogea, damu hukusanyika miguuni na hali yake inaweza kuharibika katika muda wa dakika chache. Lazima wawepo watu na ngazi ya kumshusha mara moja. Kungoja gari la zimamoto kutoka mbali si mpango wa uokoaji.

Malalamiko kwamba maafisa wa ukaguzi wa usalama kazini ni wachache ni ya miaka mingi, na kuyarudia hapa hakutawaongeza. Pengine njia ya karibu zaidi iko katika ofisi za kaunti mjini Kwale. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna jengo halali linaloanza bila idhini ya kaunti. Michoro huletwa, ada hulipwa, muhuri hupigwa. Michoro hiyo huonyesha choo kitakuwa wapi, tangi la maji litakaa wapi na gari litaegeshwa wapi. Haigharimu kaunti chochote kudai karatasi moja zaidi, yenye sahihi ya mhandisi, inayoonyesha vizuizi vitawekwa wapi katika kila orofa na kamba ya fundi itafungwa kwenye nguzo ipi. Vyuma vya kufungia vikitiwa pamoja na zege tangu mwanzo vitamfaa pia mpaka rangi wa miaka mitano ijayo, na yule atakayepanda kusafisha paneli za sola.