Uhura na Uhuru wa Kuazima

Kuna aina ya riwaya ambayo wahakiki wetu huipita bila hata kuitupia jicho. Ni riwaya inayoandikwa kwa idhini ya kampuni inayomiliki filamu au tamthilia ya televisheni. Wahusika si mali ya mwandishi, ulimwengu wao si mali yake, na mwisho wa hadithi sharti arudishe kila kitu mahali alipokikuta. Tuziite riwaya za kibali. Nadhani zinastahili kusomwa kwa jicho la kisiasa, kwa kuwa zinaibua swali tunalolijua sote: mtumishi anaweza kusema ukweli kiasi gani ndani ya nyumba isiyo yake?

Mfano wangu ni Uhura's Song, riwaya ya Mmarekani Janet Kagan iliyotolewa mwaka 1985 katika msururu wa vitabu vya Star Trek. Kitabu hiki kinatuhusu kuanzia jaladani. Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano katika chombo cha anga Enterprise, ni Mwafrika anayezungumza Kiswahili. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo tangu 1966, alisimulia kwamba alikwenda kuonana na Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia hiyo, akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Neno likapendwa, kisha likalainishwa mwishoni ili lisikike kama jina la kike. Kiswahili hakitofautishi jinsia kwa irabu ya mwisho. Hivyo neno lililokuwa bado na joto la 1961 Tanganyika na 1963 Kenya likageuzwa kuwa sauti tamu isiyo na maana kwa wenye lugha.

Pamoja na hayo, riwaya ya Kagan ina wazo zito. Maradhi ya kutisha yanawaangamiza watu wa sayari moja, viumbe wenye umbo la paka, na kisha yanawaambukiza binadamu. Daktari McCoy, aliyekwenda kuwahudumia wagonjwa, naye anaugua. Tumaini linatokana na nyimbo za kale ambazo Uhura alifundishwa na rafiki yake wa sayari hiyo. Ni nyimbo za mwiko. Wenyewe hawataki ziimbwe mbele za watu, kwa sababu zinakumbusha asili waliyoionea aibu: mababu zao walihamishwa kutoka sayari nyingine. Enterprise inaifuata njia iliyofichwa ndani ya nyimbo hizo ili kuitafuta sayari ya asili na, pengine, tiba.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwandishi. Katika hadithi nyingi za anga, elimu hukaa ndani ya mashine, na wenyeji wa sayari huwa na ngoma za kumfurahisha mgeni. Kagan ameigeuza hesabu hiyo. Kwake wimbo ni hifadhi ya nyaraka, na anayeukariri ni mtunzaji wa historia. Msomaji anayejua tenzi zetu na nyimbo za jando na unyago hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Linalouma zaidi ni hili: jamii hiyo haikukosa maarifa, iliyafungia. Aibu ya wazee ikawa hatari kwa wajukuu. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua kabati lililojaa mafaili yaliyopigwa mhuri wa siri, ambayo hakuna anayekumbuka tena kwa nini yalifichwa. Taifa linaloficha sura chungu za historia yake haliwezi kujua ni siku gani litazihitaji ili lipone.

Lakini nina manung'uniko. Jina lililo juu ya jalada ni la Uhura, na wimbo ni wake, ila kadiri safari inavyosonga ndivyo mwanga unavyomwacha. Anayeng'ara ni Daktari Evan Wilson, mhusika mpya aliyebuniwa na Kagan: jasiri, mcheshi, mwenye jibu la kila fumbo. Ninaelewa sababu. Wilson ni mali ya mwandishi kwa kiwango ambacho Uhura hawezi kuwa. Mwandishi anaweza kumkuza apendavyo bila kumwomba mwenye nyumba ruhusa. Hata hivyo, kuelewa sababu hakuondoi uchungu. Mwanamke Mwafrika analeta ufunguo, na mwingine anasifiwa kwa kufungua mlango. Wanaharakati wengi wanawake watalitambua tukio hilo bila kwenda angani.

Wala si jambo la kitabu kimoja. Katika tamthilia ya awali, iliyorushwa hadi 1969, Uhura aliketi karibu na kiti cha nahodha bila kukabidhiwa uongozi wa chombo. Ilibidi kungoja toleo la katuni la 1973. Hata jina lake la kwanza halikutamkwa. Jina Nyota lilitoka katika kitabu kingine cha kibali, cha William Rotsler, mwaka 1982, likazoeleka miongoni mwa wasomaji, na hatimaye likaingia rasmi katika filamu ya 2009. Kwa hiyo kitabu kinachodharauliwa ndicho kilichompa jina ambalo Mswahili analielewa bila mkalimani. Mtumishi aliongeza chumba, na mwenye nyumba akakikubali.

Nawashauri wanafunzi wangu wakisome kitabu cha Kagan, wakifurahie, kisha wakidai zaidi ya kilichotoa. Alilolifanya Nichols nje ya tamthilia linaonyesha kwamba picha ya kubuni si mchezo. Kuanzia 1977 alilisaidia shirika la NASA kuwatafuta wanawake na watu wa jamii zilizobaguliwa wajiunge na wanaanga, na Mae Jemison, Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kufika angani mwaka 1992, alisema kwamba Uhura alimtia moyo utotoni.

Ikiwa nafasi finyu kiasi hicho ilizaa matunda hayo, fikirini nafasi kamili ingezaa nini. Kiswahili kimekwishafika angani kwa kuazimwa, kikiwa na irabu iliyobadilishwa na wimbo unaoongozwa na mwingine. Kilichobaki ni sisi kuandika riwaya ambayo hatutahitaji kibali cha mtu ili mwimbaji wetu aimbe hadi beti la mwisho.