Mtu wa kuja ni nani?

Najua nimepotea, niko kwenye mazoezi ya kufundisha huku Mtae. Baridi usiseme, ila asubuhi ukisimama ukingoni ukaona nyika ya Mkomazi yote chini yako, unasamehe kila kitu.

Leo nina dukuduku. Darasani kwangu kuna kijana kahamia kutoka mkoa mwingine. Nikimwita kwenye mahudhurio wenzake wanacheka, eti jina gani hilo, "mtu wa kuja" huyo. Wiki hii kaacha kuitika kabisa, ananyoosha mkono tu. Iliniuma jamani.

Sasa kichekesho ni kwamba kinara wa kucheka ubini wake ni Shekilindi! Nikachukua chaki, nikaliandika ubaoni. Hiyo She- ya mbele inabeba maana ya baba. Je, Kilindi? Kilindi ni mahali, tena si huku milimani. Iko Unguu, na tangu 2002 ni wilaya kamili ndani ya Tanga.

Huko ndiko alikotoka Mbegha, karne ya 18. Abdallah bin Hemedi ameeleza kwenye Habari za Wakilindi: Mbegha alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, ndugu wakamwona mkosi na kumnyima urithi. Akaja Usambara na mbwa wake, akaua nguruwe waliomaliza mashamba, akagawa nyama. Wasambaa wakampa ufalme, akakaa Vuga. Ukoo wake ukabaki na jina la alikotoka: Wakilindi.

Kwa hiyo jina la kifalme tunalojivunia ni jina la mtu wa kuja! Na si sisi tu. Ubini wa George Washington ulitokana na kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, leo ni jina la mji mkuu wa Marekani.

Mimi naona hivi: mwalimu anayepita haraka kwenye jina la mtoto ili darasa lisicheke, naye anacheka. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili nzima, nakiri. Litamke lote, halafu uliza lilikotoka.

Ijumaa nilimwita kwa majina yote matatu. Akaitika, kwa sauti ndogo, lakini akaitika.

Haya, madaftari yananisubiri. Na wewe, ubini wako umetoka wapi?